Sekunde Mia Tatu

Dar es Salaam, 14 Juni 1999

Mama Fidele,

Natumaini kahawa mmeshaianika na mtoto amepona kikohozi. Mimi ni mzima, ila mgongo unaniuma kwa kubeba mashine.

Kaka yako Polikarpi atakuwa ameshafika huko nyumbani Mabira. Amefukuzwa kazi, na kosa ni langu. Alipougua malaria aliniachia karatasi ya kupanga seva, ile kompyuta inayowapelekea wateja kurasa zao za intaneti. Maneno yake alinieleza mara mbili, kisha akaniuliza, “Shemeji, umeelewa, au unaitikia tu?” Nikaona haya, nikasema nimeelewa.

Karatasi ilisema: muda wa kusubiri, 300. Nilidhani ni dakika. Nani atasubiri ukurasa kwa muda wa saa tano? Nikaandika 5, nikidhani ni dakika tano. Kumbe zilikuwa sekunde. Kurasa zikakatika kabla ya kufika, wateja wakahama, bosi akamlaumu Polikarpi, nami nikanyamaza.

Yeye anaamini homa ndiyo iliyomkosesha. Nilimsindikiza stendi bila kumwambia, na leo nimepewa kiti chake.

Msomee barua hii mbele ya mama yenu, ajue aliandika sawasawa. Bosi sijamwambia bado. Naiposti hii kwanza, nisipate pa kurudi nyuma.

Mumeo, mwenye aibu,
Theoneste