Sauti Niliyoiazima Kwako

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naandika nikiwa mzima, ila koo limekauka kidogo kwa kazi, na usianze kuniambia ninywe maji ya moto, nakunywa. Goti lako linaendeleaje? Na Baba, bado anajifanya anasoma gazeti tamthilia ikianza? Mdogo wangu kaniambia juzi alilishika juu chini, na machozi yanamlengalenga. Mpe salamu zangu nyingi.

Utauliza barua ya nini na simu ipo. Mama, kwenye simu mimi na wewe hatujawahi kumaliza jambo. Kabla sijafungua kinywa umeshajibu, nikijitetea umeshakata. Barua haikatizwi kauli. Kwa hiyo vaa miwani, kaa kitako, usome mpaka mwisho hata kama utakasirika njiani.

Nianze na kazi. Unajua kwamba tunaziingizia filamu za kigeni sauti za lugha yetu, lakini hujawahi kuniuliza namsemea nani. Nasikia umewatangazia majirani kuwa yule binti wa kigeni kwenye tamthilia yenu ya jioni, yule anayependwa na kijana na kukataliwa na mama wa kijana, ni mimi. Si mimi, Mama. Yule anasemewa na mwenzangu mwenye sauti laini. Mimi ndiye yule mama.

Ndiyo, huyo huyo unayemsonya kila jioni. Huyo uliyesema hana utu, eti binti wa watu hata akizaliwa upande wa pili wa dunia si naye ana mama yake aliyemlea? Nimeambiwa siku alipomfukuza binti kwenye mvua ulisukuma sahani ukakataa kula. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Halafu kicheko kikaniisha, kwa sababu maneno aliyoyasema pale mlangoni hayakuwa kwenye karatasi tuliyopewa. Yalikuwa yako.

Ilikuwa hivi. Nilipopewa nafasi ile, mwongozaji wetu hakuridhika. Alisema nasoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari, na kwamba yeye anataka mama, si hasira tupu. Nikafumba macho, nikakukumbuka siku Kaka alipomleta nyumbani yule msichana wake aliyezungumza lugha nyingine. Alikuwa amesimama kizingitini, viatu ameshavivua, amevishika mkononi. Nawe ukasema taratibu, bila kupandisha sauti, "Mwanangu, mgeni hupewa maji ya kunywa, hapewi nyumba." Nikayasema vile vile, kwa ule upole wako unaokata kuliko kisu. Mwongozaji akasema tusiguse hata nukta.

Tangu hapo nimekuwa nikikuazima bila kukuomba. Mguno wako kabla ya kukataa jambo nimeuchukua. "Mimi sikuzaliwa jana" nimeichukua, na "asiyesikia la mkuu huvunjika guu" nimeisema mpaka imeniota mdomoni. Wewe mwenyewe uliniita Kasuku nikiwa sijaota meno yote, sasa unashangaa nini?

Usidhani nakusimanga. Nimemsemea yule mama kwa muda mrefu, na kuna jambo nimelijua ambalo sikulijua siku ile ya Kaka. Nilikuwa nimekukasirikia, Mama. Kaka alipofungasha akaenda kuishi mbali nilikukasirikia zaidi. Lakini mtu huwezi kusema maneno ya mwenzio kila siku usijue yanatoka wapi. Yule mama hana chuki. Anaogopa. Anaogopa wajukuu watakaomwita kwa lugha asiyoijua, wakae wote sebuleni kwake wakicheka, naye asijue wanachekea nini. Kila nikiyasema maneno yako kwenye kipaza sauti, naisikia hofu hiyo ndani yake. Ndipo nikajua nawe uliogopa, ila hakuna aliyekuuliza. Nisamehe kwa hilo.

Sasa shika kiti vizuri.

Nyuma ya kioo, katika chumba chetu cha kurekodia, anakaa fundi wa sauti. Ametoka nchi ile ile inakotengenezwa tamthilia, na kazi yake ni kuhakikisha maneno yetu yanakaa kwenye midomo ya waigizaji wao. Alipofika hakujua hata kusalimia. Hakuna aliyemfundisha lugha yetu. Ameipata masikioni mwake, kutwa kavaa vile visikilizio, na kutwa humo alikuwa akinisikia mimi, yaani wewe. Mama, mwanamume mzima anaongea kama mama mwenye nyumba! Sokoni muuza vitunguu alimtilia vilivyooza. Akashika kiuno, akaguna ule mguno, akamwambia, "Mimi sikuzaliwa jana, mwanangu." Na yule muuzaji ni mzee wa kumzaa. Soko zima lilicheka, akabadilishiwa vitunguu vyote, na mpaka leo hajaelewa kilichochekesha ni nini.

Kuna siku nilishikwa na homa. Akaja na maziwa aliyoyachemsha mwenyewe, yameungua, akayaweka mbele yangu na kuniambia kwa ukali wako ule ule, "Kunywa. Hakuna aliyekufa kwa maziwa ya kuungua." Nilikunywa huku nalia. Nilikuwa sijasikia mtu akiniuguza hivyo tangu nihame nyumbani.

Najua umeshajua ninakoelekea, wewe si wa kufichwa. Nampenda, Mama. Naye ananipenda, ameomba kuja kukuona, na nimemkubalia. Haya sikuyaiga kwa mtu. Safari hii Kasuku wako anasema yake.

Umemsumbua sana mdogo wangu aniulize tamthilia itaishaje. Siruhusiwi kusema, ila nani ataniuliza? Katika sehemu ya mwisho binti anarudi mlangoni pale pale, na yule mama anamfungulia. Ana maneno mawili tu ya kusema: "Ingia, mwanangu." Mama, nimeshindwa. Nimeyarudia mpaka mwongozaji amevua miwani akafikicha macho. Haelewi vipi mtu aliyeyaweza matusi yote akwame kwenye maneno mawili mepesi. Sikumwambia sababu. Nikifumba macho nikutafute, nakuona umesimama mlangoni, lakini sikusikii. Maneno hayo kwa mgeni wa namna hiyo sijawahi kuyasikia kwako, na kasuku hawezi kusema asilolisikia.

Mwongozaji amekubali turekodi kipande hicho Jumatatu. Mimi na fundi wangu tutakuja Jumamosi, baada ya saa sita mchana. Nimemwonya asitoe methali yoyote kabla hajakusalimia, ingawa simwamini. Atatangulia yeye kubisha hodi. Mimi nitasimama nyuma yake, nisikilize.

Mwambie Baba asihangaike na gazeti siku hiyo. Mbusu mdogo wangu, na umwambie umbea wake umenisaidia. Kaka nitampigia Jumamosi jioni, nikishajua nimwambie nini. Lichue goti, usilibeze.

Mwanao akupendaye,

Kasuku