Mtoto Ameota Jino

Jumatatu, 3 Machi

Nimemuuliza tena Chiriku shule ilikuwaje. Nzuri. Mmesoma nini? Vitu. Umecheza na nani? Watu. Akabeba sahani yake akaenda kukaa dirishani. Huyu ndiye tuliyempa jina la Chiriku kwa sababu alikuwa hanyamazi hata na tonge mdomoni! Sasa ana miaka kumi, na kila neno namvuta kama ninang'oa msumari.

Nimemlalamikia Sista wa wodi ya watoto alipokuja kufuata mashuka kwetu udobini. Kanicheka. Eti nahoji kama polisi. Usiulize shule nzima, anasema, uliza kitu kimoja kidogo. Nani kakuchekesha? Nini kimekuudhi? Halafu unyamaze — hapo ndipo utakaposhindwa. Ananijua.

Jumanne, 4 Machi

Nimejaribu. Tulikuwa tunakunja nguo, sikumtazama usoni. Nani kakuchekesha leo? Nikajing'ata ulimi. Shati la kwanza, la pili, la tatu… Mara: mwalimu wa michezo kateleza, kaanguka chali, akajifanya anafunga kamba za viatu. Na alikuwa na ndala! Tumecheka mpaka nguo zote zikarudi sakafuni.

Sista, Mungu akuweke.

Jumatano, 5 Machi

Pasi kubwa imekufa. Mashuka mlima. Nimerudi hoi. Sikuuliza kitu.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike polepole.

Nilikuwa namsuka. Nikauliza, nini kimekufurahisha leo? Akasema, "Mtoto ameota jino."

Mtoto gani? Wa Mwalimu. La chini, dogo, ukimpa kidole anang'ata. Nikasema, kumbe leo Mwalimu kaja na mtoto darasani. Hapana, yuko nyumbani kwake, pale nyuma ya shule. "Nilikuwa naye mimi."

Chanuo likanidondoka.

Saa ngapi? Wakati wa hesabu. Na Kiswahili? Na Kiswahili. Na sayansi? "Akilala huwa narudi. Ila siku hizi halali sana."

Siku hizi!!

Tangu shule zifunguliwe. Wiki saba! Mwalimu wake wa darasa kamchagua yeye kwa kuwa mpole, tena ana akili, hatapitwa na masomo. Anajua kuchemsha chupa. Anajua nepi. Ananifundisha namna ya kumpiga mtoto mgongoni ili abeue — ananifundisha mimi niliyemzaa! Na uso umemjaa fahari.

Nimefungua daftari lake la hesabu. Kurasa nne zina maandishi. Zilizobaki nyeupe pee. Na ripoti ya mwezi uliopita imo kabatini: hesabu, themanini na mbili. Niliipitisha udobi mzima, mpaka kwa mlinzi. Themanini na mbili za nini?

Nimemaliza kumsuka, mistari imekwenda upogo.

Ijumaa, 7 Machi

Baba Chiriku kapiga simu, yuko na lori lake huko njiani. Nikamwambia. Akafoka: na wewe ulikuwa wapi? Nikamrudishia: na wewe je? Tukakatiana simu kama watoto.

Lakini swali lake halikuniacha. Jioni nikamuuliza Chiriku, taratibu, mbona hukuniambia mwanangu?

Akanishangaa. "Nilikuambia, mama."

Lini?

Siku ya kwanza kabisa. Ulikuwa unaongea na baba kwenye simu. Nikakwambia Mwalimu anataka niwe namshikia mtoto. Ukasema, "Vizuri, mwanangu, msikilize mwalimu wako."

Sikumbuki. Wallahi sikumbuki! Lakini maneno ni yangu. Hata ile sauti kaiiga vilevile, ya mtu aliyeziba simu kwa kiganja. Ni mimi mtupu.

Nikaingia bafuni nikafungulia maji ili asinisikie.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia kesho tunakwenda wote kwa mkuu wa shule. Kaangua kilio. Ndiyo maana sisemi! Nikisema unaharibu! Na mtoto atashikwa na nani? Mwanangu anamlilia mtoto wa mwenzangu. Akauliza kama Mwalimu atafukuzwa. Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni. Nikaumeza. Nikasema sijui.

Chakula hakugusa.

Sista kwenye simu: mmeshaongea kuhusu Mwalimu, sasa muulize yeye anataka nini. Kitu chepesi hivyo, na sikuwa nimekifikiria!

Nikamuuliza. Akafikiri sana, anavuta uzi wa shuka. Anataka kusoma. Na kumwona mtoto wakati wa mapumziko. Halafu, kwa sauti ndogo: "Lakini mama, wenzangu wote wanajua kugawanya."

Jumatatu, 10 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi ya mkuu. Chiriku yuko kando yangu, sare imenyooka kuliko ya mtu yeyote — nimeipiga pasi mara mbili, sijui kwa nini.

Mwalimu kapita hapa dakika chache zilizopita, mtoto mgongoni. Binti mdogo! Nilijiandaa kukutana na simba. "Shikamoo, mama," macho mekundu. Hana wa kumwachia, likizo ya uzazi iliisha. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga tangu jana. Yote yakayeyuka, likabaki moja: kwa nini wangu?

Akainama. "Si mimi peke yangu niliyeamua, mama. Niliomba ruhusa."

Kwa nani?

Akautazama tu mlango huu ninaousubiri mimi. Mtoto kamwona Chiriku, kanyoosha mikono yote miwili, anacheka. Wakaenda zao.

Mlango umefunguka. Mkuu anatabasamu. Hayo ni mambo madogo, mama, yatakwisha. Wewe subiri kidogo hapo, nizungumze kwanza na binti yako, sisi wawili tu.

Na mimi sijamweleza lolote bado! Chiriku kasimama. Nikajua anaingia, maana huyu ni mtoto wa kutii.

"Nitasema mama akiwepo."

Kasema kwa sauti, mpaka karani kaacha kuandika. Mkuu hatabasamu tena. Kashika kitasa, hafungi, hafungui. Na Chiriku ameninyooshea mkono, ananisubiri nifunge daftari tuingie.