Nafasi Tupu Kando ya Bibi

Alhamisi

Tangu jana maneno ya Mama Rehema yananizunguka kichwani. Alikuja shuleni kutoka Singe, akasimama mbele ya picha ambazo wanafunzi wangu wamepiga kwa ajili ya maonyesho ya Jumamosi.

"Mwalimu, haya ndiyo unayowafundisha? Bibi yake Rehema amewekwa pembeni kama mtu aliyetengwa."

Niliudhika. Muhula mzima nimewasihi wasimsimamishe mtu katikati, wima, viatu vyote vionekane, kama picha za harusi. Rehema peke yake ndiye aliyenielewa: bibi kwenye kigoda, pembeni kabisa, na sehemu yote iliyobaki ni ukuta mtupu. Nikamweleza mama kwamba utupu ule ndio unaolivuta jicho kwa bibi.

"Wewe unaona ukuta," akasema. "Majirani wataona nimemtelekeza mama mkwe."

Niliogopa ataikataza, na ndiyo picha bora niliyo nayo.

Rehema akaomba kamera ya shule alale nayo nyumbani. Leo ameirudisha. Bibi yuko palepale, ukuta uleule, ila upande wa pili mkono unaingia na kikombe cha chai. Picha imetulia kuliko ile ya kwanza. Sikuwa nimefikiria hivyo, hata mimi...

"Mama ameiona?"

"Ameiona, Mwalimu. Amesema hii ibandikwe."

Kwenye picha mama mwenyewe amekatwa kichwa na mwili, amebaki mkono ule wa kikombe tu. Hajalalamika.