Malaria ya Yustina

Shoga, Yustina kaumbuka! Yustina wetu!

Si alituma ujumbe ana malaria, haji sala ya jumuiya leo? Basi jumuiya nzima tukamfuata kwake na chupa ya uji, tunaimba.

Tukamkuta mkekani, jirani yake Mwanaasha anamsuka, nusu ya kichwa bado timtim.

Nusu kichwa, shoga!

Akaanza kulia. "Nisameheni. Nimechoka tu, mtoto halali usiku."

Mama Deogratias, mwenyekiti wetu, akamtazama weee. "Kumbe malaria imepanda kichwani!" Kisha akapokea kitana, akamalizia kumsuka mwenyewe. "Siku nyingine sema umechoka, mwanangu."

Sie tukafua nepi. Sala tukasali hukohuko anasukwa. Uji kanywa Mwanaasha.

Shoga, jumuiya ijayo mie naumwa. Nywele zangu si unazijua?