Kobe wa Kiwanja cha Kanisa

Gaithersburg, Machi 23, 2025

Shemeji Kalisti,

Habari za Columbia? Dada yangu hajambo, au bado anakuvumilia tu? Mimi mzima, ila nyonga inanikumbusha umri. Nakuandikia kwa kuwa simuni husikii. Hata ukiulizwa saa unaitikia "amina".

Juzi nimemshinda Mzungu kwa Kiingereza. Mama mmoja wa ofisi ya mazingira ya kaunti alikuja kukagua kiwanja chenu cha kanisa, hapa nyuma ya nyumba ya binti yangu Elieth, nikamshushia maneno mpaka akaomba maji. Haya, uongo. Nilisema "yesi, yesi", Elieth ndiye aliyeongea, na maji aliyaomba kwa sababu ya kiu.

Alichosema ni hiki, na wewe mwenyekiti wa ujenzi usizinduke baadaye. Kwenye kile kinamasi kuna kobe wadogo, weusi, wenye madoa ya njano mgongoni kama waliopita chini ya ngazi ya mpaka rangi. Wamebaki wachache. Mwishoni mwa Aprili watakuja kuwahesabu, ndipo kibali cha kujenga kizungumzwe. Wakiwepo, kanisa litajengwa kona ya juu karibu na barabara, kinamasi kiachwe. Mpaka hapo, asikate mtu hata jani.

Jana nimemwona mmoja juu ya gogo anaota jua, macho nusu. Nikadhani ni wewe kwenye mahubiri.

Shemeji yako,
Respicius


Columbia, Aprili 2

Shemeji Respicius,

Bwana asifiwe. Huku hatujambo. Dada yako anakusalimu, presha yake imeshuka.

Habari ya kobe nimeipata. Lakini wewe kanisani tunakuona siku za pilau tu, uzito wa jambo huujui. Miaka yote tunaabudu kwenye ukumbi wa shule ya watu. Ikifika saa saba mlinzi anatikisa funguo, na Mungu anaambiwa atoke. Hiyo kona ya juu haitoshi hata nusu yetu. Na Askofu anatoka Bukoba kuja kubariki kiwanja siku ya Pasaka. Aoneshwe pori? Kwetu kiwanja chenye nyasi ni cha mtu asiye na ndugu.

Jumamosi ya kabla ya Pasaka njoo ule ndizi. Nitatuma gari.

Shemeji yako,
Kalisti


Gaithersburg, Aprili 8

Shemeji,

Salamu tena, na afadhali presha ya dada imeshuka. Ndizi nakuja, hata ukizipika wewe.

Lakini nakuomba, na hapa sitanii: nyasi ziache. Kobe ndiyo kwanza wanaamka kutoka baridi. Wanatoka majini kuota jua kwenye nyasi, na hawakimbii. Kobe akitishwa anaingia ndani mwake akangoja. Mbele ya mashine ya kufyekea, huko kungoja ndiko kufa.

Mwambie Askofu abarikie barabarani. Au baraka zake haziruki mtaro?

Nijibu.

Shemeji yako,
Respicius


Gaithersburg, Aprili 21

Kalisti,

Hali yako siiulizi.

Nimekula ndizi zako. Nilipokuulizia, dada yangu akasema, "Ametoka kidogo, we kula, kaka." Nikala, nikalala kwenye kochi lako kama mtoto. Jioni gari lako likanirudisha, nikakuta kiwanja kimenyolewa. Majirani wanasema mlikuwa wengi, mnaimba, kina mama wamebeba chai. Na mkachimba mfereji mpaka bondeni ili viatu vya Askofu visilowe. Maji yameondoka.

Leo nimeshuka na fimbo yangu. Kobe wengine wamepasuka kama vikombe. Mmoja alikuwa bado anapiga mguu, na hana pa kwenda. Nimekaa naye mpaka alipotulia.

Uliniita nile ili nisione. Dada yangu alijua?

Respicius


Columbia, Aprili 23

Shemeji,

Pole. Dada yako hakujua. Tangu asome barua yako hanisemeshi, sahani ananiwekea mezani na kuondoka.

Washarika nao usiwalaumu. Niliwaambia kibali kimetoka. Nilidhani wale kobe watajificha chini.

Mama wa kaunti anakuja Jumatatu. Wewe ndiye jirani, wewe atakuamini. Mwambie tulikata nyasi kavu, mfereji ni wa zamani, na mwaka huu hapakuwa na maji wala kobe. Ni neno dogo, shemeji, na watu watapata nyumba ya kumwabudu Mungu.

Shemeji yako,
Kalisti


Gaithersburg, Mei 4

Shemeji Kalisti,

Hujambo? Dada je, ameanza kukusemesha? Nyonga yangu ni ileile.

Mama alikuja. Elieth alikuwa kazini hospitalini, kwa hiyo nilibaki na Kiingereza changu cha "yesi". Uongo nauweza, unanijua, lakini huo wako haukunyanyuka. Nikamshika mkono. Nilikuwa nimewaweka kobe waliokufa kwenye beseni, nimewafunika kwa kanga. Nikafunua. Hakuandika kitu. Aliketi kwenye tope na suruali yake nzuri.

Baadaye alimpigia Elieth simu: kibali wamekizuia, hajui mpaka lini. Kwa hiyo kanisa hamna na kobe hamna. Hata shetani angeona tumezidisha. Leo ibadani Elieth amepitwa bila salamu, mmoja akamwita binti wa msaliti. Aliyewadanganya kuhusu kibali sikumtaja. Hilo utawaambia kwa mdomo wako.

Mama anasema huenda wako waliobaki chini ya tope. Hakuahidi. Tope likikauka, nao wamekwisha. Ametupa ruhusa tuuzibe mfereji kwa mikono, mashine hapana. Nimejaribu, nyonga ikanilaza chini, nikaokotwa na jirani.

Sasa sikiliza. Siku ulipokuja kuposa kwetu, marehemu baba alisema wafunguliwe mbwa. Aliyewashika mbwa ni mimi, na mpaka leo hujanilipa. Njoo Jumamosi, peke yako, bila kuimba. Beleshi ninalo.

Shemeji yako,
Respicius