Kikohozi ya Awuor

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mjengo, Lucky Summer. Zege kutwa nzima. Mgongo umekataa.

Jioni Mukami amekuja kwa plot ninayopanga. Yule dada wa utafiti, alikuwa anarekodi watu wakikohoa kliniki mwaka juzi. Awuor, mke wangu, alikuwa kwa hiyo laini, kabla azidiwe. Wanafunza kompyuta isikie kikohozi iseme kama ni TB. Pesa ya kwanza imeisha. Kuna wafadhili wapya wa Ulaya, maombi yanafungwa Ijumaa jioni. Wakikosa hao, kazi inakufa.

Akasema wanaomba ruhusa ya data ya Mama Phares. Nikamwambia Awuor hakuwa na data, simu yake ilikuwa kabambe, ya kupiga tu. Kumbe data ni sauti. Ile kikohozi. Awuor alikubali ile kazi ya kwanza tu. Hii ni mpya na yeye hayuko, kwa hivyo inabidi mimi.

Nimesema nitafikiria.

Jumanne, 4 Novemba

Amerudi. Nikamuuliza mbona Awuor, kwani wale wengine hawakukohoa?

Akaanza kucheka. Anasema walikohoa, lakini ile ya choo. Choo za plot hazina komeo. Ukiwa ndani ukisikia mtu anakuja, unakohoa ajue uko. Sasa watu wakiambiwa kohoa wanatoa hiyo. Kompyuta ikameza yote. Mgonjwa, mzima, inaona ni kitu moja.

— Na mimi nimekulia plot, Baba Phares. Sikushtuka mpaka juzi.

Za ukweli ni chache. Ya Awuor ni moja.

Mama Muthama alikuwa anafua hapo kando.

— Kwa hivyo hiyo mashine yenu inajua tu kama choo iko na mtu?

Plot nzima ikacheka. Hata mimi. Halafu nikaingia ndani nikafunga mlango.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua. Hakuna kazi.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepigia Ooko, kaka ya Awuor, Siaya. Amekataa.

— Shemeji, dada yangu tulizika. Sasa azurure Ulaya akikohoa? Atapumzika lini?

Nikamwambia hawaweki jina.

— Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Mtu hana jina, anakohoa tu.

Anasema nikisaini nisikanyage kwake. Na Phares wetu yuko kwake, anasomea huko.

Wahome wa mjengo anasema saini, mtu akienda ameenda. Wahome hajawahi zika mtu.

Lakini pia nafikiria. Awuor walimpa dawa ya homa wiki nyingi. Wangejua mapema ni TB — sijui.

Ijumaa, 7 Novemba

Sijaenda kazi. Niko ofisi ya Mukami, juu ya duka ya dawa. Karatasi iko mezani. Nikasema nataka kusikia kwanza.

Akanivalisha zile za masikio. Kelele ya kliniki. Mtoto analia. Halafu Awuor. Naijua hiyo kikohozi, nimelala nayo. Nesi anamwambia rudia, mama. Awuor anasema ngoja nipumue. Anapumua. Halafu anauliza, hii mnapeleka wapi?

Nesi anasema tu, rudia. Awuor anakohoa tena. Imeisha.

Nikauliza Mukami, na hapo anaongea, itaenda pia? Hapana. Hapo wanakata. Mashine inataka kikohozi peke yake. Hata sauti ya mtoto inakatwa.

— Na mkikata mnaweka wapi?

Akasema inafutwa, Baba Phares. Ndiyo sheria. Nikikataa pia inafutwa, yote.

Akasema anaenda kuniletea chai hapo chini. Nikiwa tayari nimwite.

Ameacha kalamu. Ndiyo naandika nayo.

Jua linaingia dirisha la upande ule wa barabara, jioni inakuja na karatasi bado haina saini. Nimebonyeza tena. Ngoja nipumue. Hii mnapeleka wapi?

Simu inalia. Ni Ooko.