Kibendera Juu

Jumatatu, 5 Mei 2025

Bila mie Temeke isingejua mpira. Kweli kabisa! Nilikuwaga beki — nikipiga kichwa hapa Keko, mpira unaokotwa Mtoni. Sasa kipaji kimeniruka kikatua kwa mpwa wangu Raudha, kidato cha pili. Winga hatari! Ila mama yake, dada yangu Mwajabu, hataki. Anasema mpira utamlia masomo.

Jumatano, 7 Mei

Asubuhi nimekimbia na Raudha kabla hajaenda shule. Nikamwacha atangulie, asije akakata tamaa.

Jioni Mwalimu Noela wa shuleni kwa Raudha kaja hapa ninapotengenezea makochi, dada yupo. Kasema tangu Raudha aanze mazoezi hasinzii tena darasani, na hesabu kapata C. Dada kanuna: C ya miguu hiyo! Lakini kalegea kidogo. Jumamosi atakuja kuangalia mechi mwenyewe. Akiona mwanawe anatumia akili uwanjani, atamwacha aendelee. Akiona anakimbiakimbia kama kuku, viatu vinagawiwa.

Jumamosi, 10 Mei

Leo! Leo! Uwanja tope, watu nyomi. Mshika kibendera hajatokea. Mwalimu Noela huyo: "Mjomba, si ulisema ulikuwa refa wa mkoa?" Nilisema, ndiyo. Nikapewa kibendera. Dada akaniangalia kwa heshima — mara ya kwanza tangu nimeoa!

Bila bila mpaka dakika za mwisho. Mara Raudha kachomoka, kamla chenga beki, kamlaza kipa — gooo! Nikaruka, mikono juu. Kibendera nacho juu. Refa kaniona, kapuliza: kaotea. Bao hakuna! Hapo nilitukanwa mpaka na muuza mihogo. Mechi ikaisha sare.

Sasa hivi dada yuko sebuleni kwangu, kapanga vizibo vya soda mezani. "Kaka Mbwana, njoo unionyeshe kaotea wapi. Kama kaotea kweli, basi hajui analofanya, mpira mwisho leo. Kama hajaotea, sema!" Raudha kasimama mlangoni na tope lake, haniangalii.

Nimewaambia nafuata miwani chumbani. Miwani yenyewe sinaga.

Anaita tena. "Kaka!"

Kibendera nilikinyanyua kwa furaha tu. Na huko kuotea kwenyewe — mie mpaka leo sijui ni nini.